Pango jipya msituni: pimeni mnapokwenda

Swali: Mwalimu, salaam. Sisi ni marafiki sita. Tumeshaingia mapango kadhaa yanayojulikana, mengine tukiwa na waongozaji, mengine wenyewe. Hivi karibuni wenyeji wametuonyesha mdomo wa pango ndani ya msitu mnene, mwendo wa karibu siku nzima kutoka barabarani, na wanasema hakuna anayejua linaishia wapi. Tunataka kulichunguza na kulichora ramani. Wenzangu wanashauri tuingie kwanza hadi mwisho tujue ukubwa wake, kisha safari ya pili ndiyo iwe ya kupima. Mimi nina shaka. Tuanzeje, tunahitaji vifaa gani, na je, simu zetu zenye dira na GPS zitatosha?

Jibu: Salaam nawe pia. Shaka yako ina msingi, na ningeomba uwasomee wenzako jibu hili kabla hamjafunga mizigo. Msiingie hadi mwisho kwanza. Pimeni mnapokwenda. Kila ujia mnaoukanyaga kwa mara ya kwanza uwe umeingia kwenye daftari siku hiyo hiyo, na pale mtakaposhindwa kuendelea kupima, iwe kwa uchovu, kwa maji au kwa muda kwisha, basi geukeni. Vikundi vingi vya uchunguzi wa mapango duniani vinafuata kanuni hii, na vingine havimruhusu mtu kabisa kuingia ujia mpya bila kupima.

Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Utamu wa pango uko kwenye kona ambayo hakuna aliyeipita. Mkishaipita, safari ya pili inabaki kuwa kazi tupu ya matope, magoti na tarakimu, na watu huanza kupata udhuru mmoja baada ya mwingine. Yapo mapango mazuri yaliyokaa miaka na miaka bila ramani kwa sababu hiyo tu. Walioingia husimulia habari za "kilomita tatu hivi", na anapokuja mtu na vifaa anakuta hata kilomita moja haifiki, kwa kuwa giza na uchovu hurefusha njia.

Sababu ya pili ni kwamba anayekwenda mbio haoni. Hufuata ujia mpana na kile kilicho mbele ya taa yake. Anayepima analazimika kukaa dakika kadhaa kwenye kila kituo, yaani kila nukta ya kupimia, taa inazunguka kutani, na hapo ndipo anapohisi upepo mwembamba shingoni, akageuka, akaona ufa nyuma ya jiwe ambao wenzake wangeupita wote. Mwaka 1981, huko Mulu katika jimbo la Sarawak nchini Malaysia, Waingereza watatu, Andy Eavis, Dave Checkley na Tony White, walikuwa wakipima pango liitwalo Gua Nasib Bagus. Wakafika mahali ambapo taa zao hazikufikia dari wala ukuta wa upande wa pili. Kama wangekuwa wapitaji tu, wangetoka na hadithi ya mahali pakubwa sana. Walitoka na vipimo, na vipimo vikasema ukumbi ule una urefu wa takriban mita 600 na upana wa zaidi ya mita 400. Leo unaitwa Sarawak Chamber, na ni miongoni mwa kumbi kubwa kabisa zinazojulikana chini ya ardhi.

Sababu ya tatu ni usalama. Mwendo wa kupima ni wa taratibu, kwa hiyo hamtajikuta mmefika mbali kuliko nguvu zenu za kurudi. Kila njia panda mnakuwa mmekwisha kuichora kwa pande zote mbili. Mtu anayetoka pangoni huona sura tofauti kabisa na ile aliyoiona akiingia, na njia panda iliyoonekana wazi wakati wa kwenda huweza kumpoteza wakati wa kurudi. Isitoshe, ujia mwororo wenye sakafu ya udongo au fuwele huharibika kila unapokanyagwa. Kuupita mara mbili kwa kazi ya mara moja ni kuuonea.

Sisemi msichungulie. Mtangulizi akisogea mita hamsini hivi mbele kuona kama kuna shimo wima, kama njia inaendelea, kama inafaa kubadilisha mpango, hilo ni jambo la busara. Ila arudi, na kazi iendelee kutoka kituo cha mwisho. Na mkikuta shimo la kushukia kwa kamba, wakati hakuna kati yenu aliyefundishwa kushuka na kupanda kamba ya mapangoni, liandikeni, lipigeni picha, mliache. Kushuka ni rahisi kwa yeyote. Kupanda huku umelowa, umechoka na kamba imejaa tope ndiko kunakoua.

Sasa watu. Msiingie wote sita. Wanne waingie, wawili wabaki nje, na zamu ibadilike kila siku. Wanne ni idadi nzuri kwa sababu mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanatoka pamoja kuita msaada, hivyo hakuna anayetembea peke yake gizani wala msituni. Wawili wa nje wana kazi yao: wanaangalia mawingu na mto, wanatafuta midomo mingine kuzunguka kilima, na wanashika saa ya kurudi. Saa hiyo ipangwe kabla ya kuingia na iandikwe. Kila mtu ajue kitakachofanyika ikipita: nani anakwenda kumwita nani, kwa njia ipi. Mtu mwingine kule kijijini naye awe na tarehe yenu ya kutoka msituni.

Kati ya wanne walioingia, mmoja ni mtangulizi anayechagua vituo, wa pili anasoma vifaa, wa tatu anachora na kuandika. Wa nne anabeba mzigo, anapiga picha na kuchungulia michepuko iliyo karibu, asipotee machoni. Mchoraji ndiye anayeongoza mwendo. Akisema bado, wote wanasubiri, hata kama wanatetemeka kwa baridi. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana timu nyingi changa huharibikiwa hapo: msomaji wa vifaa anamaliza haraka, anamhimiza mchoraji, mchoraji anaanza kubuni kuta ambazo hajaziona, na ramani inageuka picha ya kukisia.

Kuhusu simu, jibu ni fupi. GPS haifanyi kazi ndani ya pango hata kidogo, kwani mwamba unazuia ishara za setilaiti. Dira ya simu nayo haifai kwa ramani. Simu ina sumaku ya spika ndani yake, na namba za dira yake huyumba kwa digrii nyingi bila wewe kujua. Kosa la digrii 1 katika kipande cha mita 10 linakupeleka kando sentimita 17. Likiendelea upande huo huo kwa mita 100, ni mita 1.75. Kosa la digrii 10, ambalo simu inaweza kukupa bila onyo lolote, ni mita 17 na zaidi kwa mita 100 hizo hizo, na hapo ramani yako inaonyesha ujia ukipita ndani ya kilima kingine.

Kwa kuanzia, pateni dira ya kulenga na klinomita, yaani kile kifaa cha kupima mteremko, za aina wanayotumia wapima misitu, kama zile za Suunto. Ongezeni kipimio cha leza cha mafundi ujenzi na tepu ya mita 30 ya akiba, maana leza hufa ikiingia maji. Karatasi iwe ile ya plastiki isiyolowa, na penseli zifungwe uzi shingoni. Kwa vifaa hivi mtu makini anaweza kufikia daraja la 5 la BCRA, chama cha utafiti wa mapango cha Uingereza: dira na klinomita zisikosee zaidi ya digrii 1, umbali na mahali pa kituo visikosee zaidi ya sentimita 10. Daraja hilo linatosha kabisa kwa pango lenu.

Mtasikia habari za DistoX. Ni kipimio cha leza cha Leica kilichobadilishwa kwa ubao wa kielektroniki uliobuniwa na Mswisi Beat Heeb, ili kipime umbali, mwelekeo na mteremko kwa kubonyeza mara moja, kisha kitume namba kwa bluetooth hadi kwenye simu yenye programu kama TopoDroid. Ni kifaa kizuri mno, nami sitaki kukatisha mtu tamaa ya kukipata. Lakini kinahitaji kusawazishwa kwa vipimo 56 katika pande zote, mahali pasipo na chuma, na kisiposawazishwa vizuri hukosea kwa namba zenye sura ya uhakika kabisa. Pia kioo cha simu chenye tope na jasho hakisikii kidole. Hata timu iliyo na DistoX haina budi kubeba dira, tepu na karatasi.

Adui mkubwa wa dira ni chuma, na pangoni mmejaa chuma. Betri ya taa ya kichwani, pete ya chuma ya kufungia kamba, fremu ya miwani, kisu kiunoni, vyote huvuta sindano. Kabla ya kuingia, mmoja ashike dira imelenga mti, na kila mtu ailetee vitu vyake kimoja kimoja huku wote mkiangalia sindano. Mtashangaa ni kitu gani kinaivuta. Mkipima juu ya ardhi, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, panga la kufyekea njia liwe mbali na msomaji. Hewa nzito ya msituni nayo hutia ukungu kwenye dirisha la dira mara tu unapolisogeza jichoni, kwa hiyo zuia pumzi wakati wa kusoma na uwe na kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mtangulizi anatafuta ncha: kona ya jiwe lililotoka ukutani, mahali anapoweza kuonwa kutoka nyuma na kuona mbele. Haiwi stalaktiti, yaani jiwe linaloning'inia darini, wala fuwele, maana mahali hapo patashikwa na kuwekwa alama. Anaweka nukta ndogo ya rangi ya kucha, au kipande cha utepe wenye namba kama mwamba ni mchafu. Anaita, "Kumi na nne kwenda kumi na tano!" Msomaji, jicho lake likiwa kwenye kituo cha 14 chenyewe na wala si nusu mita pembeni, analenga na kuita tarakimu moja moja: "Sita, nukta, nne, mbili." Mchoraji anarudia zote kwa sauti kabla ya kuandika. "Dira: moja, tatu, nane." Anarudia. "Mteremko: chini, moja, mbili." Anarudia. Kurudia huku kunaonekana ni kwa watoto wa shule, lakini kwenye ukumbi unaovuma maji, sita na tisa husikika sawa, nne na nane ndiyo usiseme. Kwa mteremko iteni "juu" au "chini". Msomaji akisema "hasi" na mwangwi ukaimeza, sakafu yenu itapaa hewani.

Kisha mtangulizi anasoma kinyumenyume, kutoka 15 kurudi 14. Mbele ikiwa 138, nyuma iwe 318, au itofautiane kwa digrii 1, si zaidi ya 2. Ikizidi hapo, pimeni tena papo hapo, maana kesho hamtakuwa na nafasi. Mwisho msomaji anapima umbali wa kuta kushoto na kulia, dari juu na sakafu chini. Kila kituo.

Wakati huo wote mchoraji anachora kwa skeli, yaani kwa uwiano wa vipimo, akiwa pangoni. Skeli ya 1:250 ni nzuri kwa ujia wa kawaida, 1:500 kwa kumbi. Anapanga vituo kwenye karatasi yenye miraba kwa namba alizopewa, kisha anazungusha kuta kwa macho. Anahitaji michoro mitatu: pango likitazamwa kutoka juu, likitazamwa kwa ubavu, na mikato midogo ya umbo la ujia kila linapobadilika. Aonyeshe maji na mshale wa yanakoelekea, mawe yaliyoporomoka, mahali pa kupiga magoti, mashimo, upepo na upande unaotoka. Na kila tundu ambalo hamkuliingia aliwekee alama ya kuuliza na neno moja la maelezo, kama vile "jembamba, lina upepo". Alama hizo ndizo zitakazowapangia safari inayofuata.

Mkiingia ujia mkubwa sana, kama ilivyo desturi ya mapango mengi ya misitu ya tropiki, mtindo hubadilika. Nukta nyekundu ya leza haionekani mbali, ukungu hutanda, na ukisimama katikati huoni ukuta wowote. Fuateni ukuta mmoja kwa vituo vya mita 20 hadi 30, na baada ya kila vituo vitatu vinne mtu avuke na taa kali hadi ukuta wa pili apimwe huko. Inachosha, hasa juu ya majabali yenye utelezi, lakini hakuna njia ya mkato. Timu ngeni ikipima mita 200 hadi 300 kwa siku imefanya kazi ya kusifiwa.

Jioni, kambini, kabla ya kulala, daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa na namba ziingizwe kwenye programu. Survex na Therion ni za bure na ndizo zinazotumika sana. Siku ile ile mtu bado anakumbuka kwamba ujia ulipinda kushoto, na kama kwenye skrini unapinda kulia, kosa linaonekana. Baada ya wiki hakuna atakayekumbuka. Andikeni tarehe ya kila kipimo, kwa sababu kaskazini ya sumaku haikai sehemu moja na kaskazini ya kweli, na tofauti hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Programu hurekebisha kwa kutumia tarehe na mahali.

Mkipata kitanzi, yaani njia inayozunguka na kurudi kwenye kituo cha zamani, furahini. Hapo ndipo pango linapowasahihisha. Kitanzi cha mita 200 kikifunga kwa tofauti ya mita 2 au 3, mko salama. Kikikosa kwa mita 15, kuna namba moja iliyogeuzwa, labda 68 iliyoandikwa 86, na ni heri kuitafuta kuliko kuiachia programu igawanye kosa kwenye vipande vyote.

Umeniuliza tuanzeje, na hukuniuliza kuhusu maji. Naomba niyaweke mbele ya hatari nyingine zote. Pango la msituni mara nyingi ni mfereji wa bonde zima. Mvua inaweza kunyesha kilomita kadhaa juu ya mto, mahali msiposikia hata ngurumo, na maji yakawafikia mkiwa ndani. Tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang kaskazini mwa Thailand, mvua ikawafungia nyuma. Walipatikana tarehe 2 Julai, kilomita kadhaa ndani, na wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai, baada ya mpigambizi mmoja Mthailandi kupoteza maisha akirejea kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Dunia nzima ilikuja kuwasaidia. Ninyi mtakuwa na wenzenu wawili na msitu.

Kwa hiyo nendeni wakati wa kiangazi cha mahali hapo, na waulizeni wenyeji mto ule hupanda lini na kwa kasi gani. Ndani, someni kuta. Majani na vijiti vilivyonasa darini, povu lililokauka kwenye nyufa, mstari wa tope juu ya vichwa vyenu, hizo ni taarifa za mafuriko ya karibuni. Mchoraji aziandike pia. Kwenye sehemu ya namna hiyo, kila mmoja ajue tangu kituo kipi hadi kipi hakuna mahali pa juu pa kukimbilia. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani mabichi, au sauti yake ikinenepa, acheni kipimo katikati. Mnatoka, au kama njia ya kutokea ndiyo inayojaa, mnapanda juu mnakaa. Kwa ajili hiyo, kila mfuko uwe na chakula cha ziada, blanketi jepesi la dharura na kofia kavu. Hata katika nchi ya joto, mtu aliyelowa na kukaa tuli kwa saa nyingi hupoteza joto la mwili.

Taa ni tatu kwa kila mtu, mbili kati yake za kuvaliwa kichwani, na betri za kila moja. Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, gambuti zenye soli inayoshika, glovu, magoti yaliyokingwa.

Hewa nayo. Mapango ya tropiki hukusanya kaboni dioksidi kwenye mabonde na ncha zisizo na upepo, hasa penye majani yaliyooza au mizizi mingi. Mkianza kuhema bila kazi, kichwa kikauma, mmoja akawa mkali au mzembe ghafla, rudini mara moja bila mjadala. Msitegemee kiberiti. Moto huzimika kwa oksijeni kupungua, na kaboni dioksidi inaweza kufika kiwango cha kudhuru huku mwali bado unawaka. Kipimio kidogo cha gesi ni bora zaidi.

Popo wanastahili heshima kwa sababu mbili, wao wenyewe na magonjwa. Vumbi la kinyesi chao kikavu hubeba kuvu anayeleta histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu wenye homa na kikohozi unaojitokeza siku kadhaa hadi wiki mbili na zaidi baadaye, na huweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Mkiugua baada ya safari, mwambieni daktari kwamba mlikuwa pangoni. Katika mapango yenye popo wanaokula matunda barani Afrika kuna hatari kubwa zaidi ya virusi vya Marburg: mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kutembelea Python Cave nchini Uganda, na mtalii wa Marekani aliambukizwa huko huko. Pango la namna hiyo msiingie kabisa, hata kwa barakoa. Katika mapango mengine, sehemu zenye makundi ya popo zipiteni kwa kimya, na wakati wanaponyonyesha msizipite. Zungumzeni na daktari mapema kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani popo huweza kuwa nacho, na kuhusu leptospirosisi, inayopitia michubuko kwenye maji yenye mkojo wa panya. Katika mashindano ya mbio za nyikani ya Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, mwaka 2000, wanamichezo wengi waliugua ugonjwa huo baada ya kuogelea mtoni.

Mkikuta mifupa, vigae vya vyungu, majivu au michoro ukutani, hapo kipimo kinasimama. Msishike, msigeuze, msipige hatua nyingine. Pigeni picha kutoka mliposimama, andikeni namba ya kituo, mtoe taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, watafiti walikuta mabaki ya mtoto mdogo aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika, lililotangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa laini mno hata ikabidi waizungushie plasta na kuitoa pamoja na udongo wake. Gambuti moja ingetosha kuifuta.

Kuhusu mdomo wenyewe, hapo GPS ina kazi, ila chini ya miti mirefu na kando ya genge hukosea kwa makumi ya mita. Iacheni ikusanye wastani kwa muda mrefu, rudieni siku nyingine, na pimeni kwa dira kutoka uwazi wa karibu. Hili si dogo. Ho Khanh, mwenyeji wa Phong Nha nchini Vietnam, aliliona pango la Son Doong karibu mwaka 1990, likimvumia upepo na mngurumo wa mto, kisha asiweze kulipata tena msituni hadi mwaka 2008. Mwaka 2009 aliwapeleka wachunguzi wa Kiingereza wakiongozwa na Howard Limbert, na ikadhihirika kwamba ujia wake ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Wenyeji waliowaonyesha pango lenu wapeni heshima hiyo: waombeni ruhusa, waulizeni jina wanaloliita, jina hilo ndilo liandikwe kwenye ramani, na nakala ya kwanza iwe yao. Namba za GPS za mahali pa mdomo msizitandaze hadharani.

Kabla ya hayo yote, fanyeni jambo moja wiki hii. Chagueni uwanja au kichaka chenye vilima vidogo, pimeni kitanzi cha vituo kumi na tano kwa majukumu yale yale, na mwishoni mrudi kwenye kituo cha kwanza. Choreni mkiwa hapo hapo, kisha mrudie usiku kwa taa za kichwani na glovu. Tofauti ya kufunga ikizidi asilimia 2 ya urefu, bado hamjawa tayari kwa pango. Ikipungua, niandikie tena na vipimo ghafi, bila kuvisafisha, nami nitavipitia mstari kwa mstari kabla hamjaondoka.